Aliyezikwa kwa Jina la Kyule

Alasiri ile Nthenya alikuwa ofisini akibishana na Dakta Gedion juu ya punje mbili za ndengu, na mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Wote wawili walifundisha falsafa katika chuo kikuu kilicho nje kidogo ya Kwa Vonza, na ubishi wao ulikuwa wa miaka. Nthenya alikuwa akiandikia jarida moja la ng'ambo makala juu ya swali ambalo jirani zake walidhani ni mchezo: ni nini kinachofanya kitu kiwe hicho hicho na si kingine? Aliwataka wasomaji wafikirie ulimwengu usio na ardhi wala jua wala mtu, ulimwengu wenye punje mbili tu za ndengu zinazofanana rangi, uzito, umri na kila kitu kingine. Gedion alishikilia kwamba kitu ni mkusanyiko wa sifa zake, basi. Kama kweli punje ni mbili, lazima iwepo sifa fulani ya kuzitenganisha. Nthenya alisema hapana, zaweza kuwa mbili bila tofauti yoyote, kwa kuwa kila moja ina jambo lisilo na rangi wala umbo linaloifanya iwe yenyewe. Hakupata neno la Kiswahili la kuliita jambo hilo, akaliunda: uhuyu.

"Moja iko kushoto, nyingine kulia," Gedion alisema. "Hiyo ndiyo tofauti."

"Kushoto kwa nani? Hakuna mtu huko."

Gedion alicheka, akafungua kinywa kujibu, na hakujibu. Macho yake yalikuwa yamepita bega la Nthenya na kusimama mlangoni. Akainuka polepole, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa rafu ya vitabu.

Nthenya aligeuka. Mlangoni alisimama mdogo wake, Kyule, na mfuko wa plastiki mkononi, viatu vimejaa vumbi jekundu, anatabasamu kama mtu aliyechelewa kidogo na anajua atasamehewa. Wiki chache zilizopita walikuwa wamemzika nyumbani kwao Nuu, kando ya kaburi la baba yao. Gedion mwenyewe alikuwapo. Alishika koleo kama wanaume wengine.

"Mbona mnaniangalia hivyo?" Kyule akauliza.

Nthenya alisikia masikio yake yakiziba, kama mtu aliyezamishwa majini. Kitu cha ajabu ni kwamba hakuogopa. Woga ungehitaji awe na wazo fulani, na kichwani mwake hapakuwa na wazo lolote, palikuwa peupe tu. Nyuma yake alimsikia Gedion akiomba kwa sauti ya chini, kwa Kikamba, maneno yale yale akiyarudia.

"Wewe ni nani?" hatimaye Nthenya alisema.

"Unaniuliza mimi ni nani?" Kyule akacheka. Halafu akaona uso wa dada yake, akaacha kucheka. "Nthenya. Kumetokea nini? Ni Mwaitu?"

Ni lile neno, Mwaitu, jinsi alivyomwita mama yao kwa Kikamba akivuta mwisho wake tangu utotoni, lililomwinua Nthenya kitini. Alimwendea, akamshika uso kwa mikono miwili. Ulikuwa wa moto kwa jua, una ndevu za siku kadhaa, unatoka jasho. Hakutafuta kovu wala alama. Alimshika tu, akamwegemea kwa uzito wote, mpaka Kyule akalazimika kumshikilia asianguke.

Kisha akakumbuka jaketi aliyoiona mochari.

"Jaketi yako iko wapi?" aliuliza. "Ile ya bluu."

"Nilimpa Gathua. Tulipokuwa njiani alikuwa na malaria, anatetemeka vibaya. Mimi nikashukia Makindu, kuna watu walikuwa wananipatia kazi ya kujenga ua huko kwa shamba la mkonge. Nikamwachia. Hata simu yangu ilibaki kwa lori, nilikuwa nachaji." Alimtazama dada yake, kisha Gedion, kisha tena dada yake. "Kwani Gathua amekuja hapa?"

Gedion alimsogezea kiti.

Gathua alikuwa utingo mwenzake Kyule katika lori la kubeba saruji kutoka Mombasa. Usiku ule Kyule aliposhuka, lori liliendelea, na kabla ya kufika Emali likagongana na lori jingine, likashika moto. Dereva alirushwa nje, akapelekwa hospitali bila fahamu na akafariki baada ya siku kadhaa bila kusema neno. Mtu wa pili alitolewa chini ya kichwa cha lori. Uso haukuwa uso tena. Mikono ilikuwa imeungua kiasi kwamba polisi walishindwa kuchukua alama za vidole. Lakini mwili ulikuwa umelalia upande mmoja, na upande huo wa jaketi ulipona, na ndani ya mfuko kulikuwa na kitambulisho cha Kyule.

Ndiyo maana simu ilikwenda Nuu. Mama yao, Kavata, alisafiri hadi mochari akiwa na mke wa Kyule, Mutanu, lakini walipofika mlangoni wote wawili walishindwa kuingia. Nthenya aliingia peke yake. Yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye msomi, yeye ndiye ambaye watu walimtegemea asivunjike. Mhudumu alifunua shuka. Nthenya hakuutazama uso zaidi ya mara moja. Alitazama urefu: ulikuwa ule ule. Alitazama mguu wa kushoto, chini ya goti, akaona kovu refu kama lile ambalo Kyule alilipata akichunga mbuzi. Akatazama jaketi na kuuona mfuko ambao Mutanu aliushona kwa uzi mwekundu kwa kukosa wa bluu. Mhudumu alimuuliza kama ana hakika. Nthenya alisema neno moja.

"Ndiye."

Sasa ilimbidi aseme yote haya mbele ya mtu mwenyewe. Aliyasema kwa mafungu, akianza na mwisho, akirudi nyuma, na Gedion akimsaidia pale aliposhindwa. Kyule alisikiliza akiwa amesimama. Aliposikia kwamba Gathua amekufa alikaa chini sakafuni, si kitini, akavua kofia. Aliposikia kwamba yeye amezikwa hakuelewa, ikabidi waseme tena. Alikaa hivyo muda mrefu akiutazama mfuko wake wa plastiki. Mle ndani mlikuwa na asali aliyoinunulia familia Makindu.

"Mlinizika wapi?" aliuliza mwishowe.

"Kando ya baba."

"Mwaitu alilia?"

Gedion ndiye aliyesema ndiyo, alilia.

Kesho yake asubuhi Gedion aliwapeleka Nuu kwa gari lake. Nthenya alikuwa amempigia simu mchungaji, akamwomba awe nyumbani kwao kabla hawajafika, na amketishe mama yake kivulini bila kumweleza sababu. Walipokaribia, Kyule aliinama kwenye kiti cha nyuma kama mwizi, ili watu wa sokoni wasimwone.

Nthenya alitangulia kuingia uani. Alikuwa amepanga maneno ya kumwandaa mama yake taratibu, lakini Kyule hakuweza kungoja, akashuka na kuja nyuma yake. Mutanu alikuwa akianua nguo. Alimwona mumewe akipita lango. Hakupiga kelele. Aliweka nguo chini juu ya vumbi, moja moja, akamshika mkono binti yao, Kasyoka, akaingia naye ndani na kufunga mlango kwa komeo.

Kavata alikuwa kitini, mchungaji ubavuni. Alimtazama mwanawe akija, na uso wake haukubadilika hata kidogo, jambo ambalo lilimtisha Nthenya kuliko kama angezimia. Kyule alipiga magoti mbele yake. Mama aliinua mkono, akamshika sikio, akamvuta karibu na kumnusa shingoni kama anavyonuswa mtoto mchanga. Akakaa hivyo, amefumba macho. Mchungaji alikuwa ameshika Biblia wazi bila kuisoma.

Huku nyuma Mutanu alisema kitu kutoka ndani ya nyumba, sauti ikipita chini ya mlango. Alitaka aambiwe jina ambalo walikuwa wamempa mtoto wao wa kwanza, yule aliyefia tumboni, jina ambalo hawakumwambia mtu yeyote. Kyule alikwenda mlangoni, akaweka mdomo kwenye ubao, akanong'ona. Komeo halikufunguka upesi. Nthenya alimwona mdogo wake akiwa ameegemeza paji la uso mlangoni, na nyuma ya mlango akasikia kilio ambacho hakuwa amekisikia hata siku ya mazishi.

Mlango ulipofunguka, Kavata alikuwa tayari ameinuka. Hakwenda kwao. Alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye makaburi, na Nthenya akamfuata. Udongo wa kaburi jipya ulikuwa bado haujashuka. Msalaba wa mbao uliandikwa jina la Kyule kwa rangi nyeupe.

"Nimemlilia mtoto wa mwanamke mwingine," Kavata alisema. "Huyo mwanamke anajua?"

"Bado, Mwaitu."

"Anamtafuta?"

"Nadhani anamtafuta."

Kavata aliokota jani juu ya kaburi. Kisha akamgeukia bintiye, na katika macho yale hapakuwa na hasira. Nthenya angetamani iwepo. "Wewe ndiye uliingia mle ndani," alisema. "Sisi tulikuamini."

Nthenya hakujitetea. Angesema nini? Kwamba kila alichokitazama kililingana? Ndivyo ilivyokuwa. Miaka yote hii alikuwa akiwaambia watu, kwa maandishi na kwenye makongamano, kwamba vitu viwili vyaweza kufanana kwa yote na bado visiwe kimoja. Alikuwa na hoja za mantiki za kulithibitisha, mstari baada ya mstari. Na siku moja tu ya maisha yake ambapo jambo hilo lilikuwa na maana kwa mtu mwingine, alijumlisha urefu, kovu na uzi mwekundu, akapata mtu.

Kyule alijua nyumbani kwao Gathua. Mama yake, Nyawira, alikuwa na hoteli ndogo ya chai na chapati Emali, karibu na barabara ya Mombasa. Alihamia huko kutoka Murang'a miaka mingi nyuma, na Gathua ndiye mtoto wake wa pekee. Gedion alijitolea kuwapeleka tena. Kavata alitaka kwenda nao, lakini miguu ilikuwa imevimba na mchungaji akamsihi apumzike.

Walifika Emali wakati wateja wa asubuhi walikuwa wameshaondoka. Nyawira alikuwa akifuta meza. Alipomwona Kyule alitupa kitambaa, akaja mbio na kumshika mabega. Alimuuliza kwa nini simu haipatikani, na Gathua yuko wapi, na kama ni kweli lile lori liliungua. Alisema amekwenda kituo cha polisi akaambiwa waliokuwa kwenye lori ni wawili tu na wote wanajulikana. Alikwenda hadi mochari, akaambiwa hakuna mwili usio na mwenyewe. Kwa hiyo alikuwa ameamua kuamini kwamba mwanawe alishuka njiani, na siku yoyote ataingia.

Kyule alikuwa akitikisa kichwa tu, machozi yakimtoka. Nyawira alimtazama yeye, akamtazama Nthenya, mgeni aliyevaa nadhifu, na mikono yake ikateremka kutoka mabegani mwa Kyule.

Nthenya alimwomba akae. Akamweleza. Hakuficha kitu, hata lile neno alilosema mbele ya mhudumu. Alipomaliza, Nyawira alikuwa akitazama barabarani, malori yanapita mfululizo kuelekea Nairobi, na kila lori likipita vikombe vilitikisika kidogo mezani.

"Ulimwona," Nyawira alisema.

"Nilimwona, mama. Uso ulikuwa umeumia. Sikuweza kuutambua."

"Na ukasema ni ndugu yako."

"Nilisema."

"Gathua ana kovu mguuni. Alikatwa na bati akiwa mdogo." Alisema bila kupandisha sauti. "Unafanya kazi gani, wewe?"

"Nafundisha chuo kikuu. Falsafa."

"Hiyo ndiyo nini?"

Nthenya alimwona Gedion akiinamisha kichwa. Angeweza kusema jambo jepesi, kwamba ni habari za fikra na vitabu, likapita. Lakini mwanamke huyu alistahili ukweli wote, hata ule wa aibu.

"Nachunguza ni nini kinachofanya mtu awe yeye na asiwe mwingine," alisema.

Nyawira alimtazama kwa muda. Hakumdhihaki wala kumlaani. Alionekana kama mtu aliyesikia lugha asiyoijua na amechoka kuuliza maana. Aliinuka, akazima jiko, akavua aproni na kuikunja vizuri, na pale pale, aproni ikiwa mkononi, akaanza kuanguka. Kyule ndiye aliyemdaka.

Mambo ya sheria yalikwenda polepole kuliko walivyotaka. Ilibidi ipatikane amri ya mahakama ya kufukua mwili, kisha vipimo vya DNA, kisha majibu. Hadi siku ya kufukua, Kavata alikuwa akienda kaburini kila asubuhi na kufagia majani. Msalaba ulikuwa umeng'olewa, na yeye alipouliza jina la yule kijana aliambiwa Gathua, basi akawa anamwita hivyo, anamsalimu, anamwambia mama yake yuko njiani. Kasyoka alikataa kulala chumba kimoja na baba yake kwa muda. Binamu zao waliokuwa wamegawiwa nguo za Kyule walizirudisha mmoja mmoja, zimefuliwa, na hakuna aliyetaka kumtazama machoni.

Siku ya kufukua, Nyawira alikuja Nuu na ndugu zake wawili. Nthenya aliogopa wakati akina mama wale wawili watakapokutana. Kavata alimpokea langoni, akamshika mkono, akampeleka kaburini, na wakasimama hapo wakishikana mpaka wanaume walipomaliza kuchimba. Hawakuwa na lugha nzuri ya pamoja. Kikamba cha mmoja na Kikuyu cha mwingine vilikaribiana, na palipobaki pengo walitumia Kiswahili. Nthenya hakusikia walichoambiana, na hakusogea karibu.

Majibu yalipotoka, Gathua alizikwa Murang'a, kwa wajomba zake. Kyule alibeba jeneza.

Nthenya aliporudi chuoni aliikuta makala yake imerudishwa na jarida kwa marekebisho. Mmoja wa wasomi waliotumiwa makala hiyo waipime alikuwa ameuliza: kama uhuyu hauna sifa yoyote, mtu ataujuaje? Katika toleo la kwanza Nthenya alikuwa amelijibu swali hilo mapema, kwa aya moja fupi yenye majivuno kidogo: hilo ni swali la kujua, siyo la kuwa, na makala hii inahusu kuwa. Alipoisoma sasa aliisukuma makala mbali.

Alimwambia Gedion anataka kuiondoa makala yote. Gedion akasema jambo ambalo Nthenya hakulitarajia kutoka kwa mpinzani wake. Alisema kwamba tangu siku ile mlangoni amekuwa akijaribu kuitetea nadharia yake mwenyewe na haitetewi. Watu mia kadhaa walisimama Nuu wakalitaja jina la Kyule juu ya lile jeneza. Polisi waliandika Kyule, mchungaji alimwombea Kyule, mama mzazi alimlilia Kyule. Kila kitu kilichoweza kuonekana na kusemwa kilikuwa cha Kyule. "Na bado alikuwa Gathua," alisema. "Muda wote."

"Najua," Nthenya alisema. "Hoja ni ya kweli. Hilo ndilo linalonishtua. Ilikuwa kweli hata nilipokuwa nimesimama pale, na haikunisaidia kitu."

Hakuiondoa makala. Aliifuta ile aya, akaandika kurasa kadhaa mahali pake, nzito na zisizo na hakika, akikiri kwamba kama jambo linalotufanya tuwe sisi halionekani, basi kila tunapomtambua mtu tunajitupa gizani kidogo, na anayeweza kuumia ni mwingine. Jarida lilizikubali. Hakumwambia mtu yeyote nyumbani.

Baadaye, mvua za vuli zikiwa zimeanza, simu yake ililia wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa Nyawira. Hawakuwa wamezungumza tangu Murang'a.

"Mwalimu," alisema, "kuna kitu nataka kukuuliza. Usinifiche. Kule kwenu, ile mara ya kwanza, mlimvika nini?"

Nthenya aliweka kijiko chini. "Suti ya baba yetu, mama. Ya kijivu. Na shati jeupe ambalo Mutanu alichagua."

"Ilimtosha?"

"Ilimtosha."

"Watu walikuwa wengi?"

"Walikuwa wengi sana. Kwaya ya kanisa iliimba. Watu walikuja hata kutoka Migwani."

"Walilia?"

"Walilia, mama."

Nthenya alisikia malori nyuma ya sauti yake.

"Mchungaji alisema nini juu yake?"

Nthenya alisita. "Alisema alikuwa mcheshi. Kwamba akiingia mahali watu wanaanza kucheka."

"Huyo ni Kyule," Nyawira alisema. "Gathua alikuwa mtu wa kunyamaza. Anaweza kukaa hapa hotelini siku nzima na asiseme kitu, lakini akiondoka unaona pengo."

"Nasikia, mama."

"Kule Murang'a tulikuwa wachache. Tulifanya haraka, mvua ilikuwa inakuja." Alivuta pumzi. "Sasa ngoja nivute kiti. Halafu uanze tangu gari lililombeba lilipofika Nuu, uniambie yote. Usiruke kitu."

Nthenya alimsikia akivuta kiti, akaanza kumsimulia.